Aliyechomwa na Taa: Huduma ya Kwanza ya Majeraha ya Baharini Ifundishwe Ufukweni

Nilipopangiwa kazi yangu ya kwanza katika zahanati ya kijiji kimoja cha pwani, sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo bahari inaonekana. Nilizaliwa na kukulia bara. Asubuhi moja ya bamvua, wakati maji yamekupwa mno na kina mama wako katika mashamba yao ya mwani, aliletwa mwanamke wa makamo aliyebebwa na wenzake wawili. Alikuwa akilia kama mtu aliyevunjika mfupa. Nilipouliza kilichompata, mmoja wao alinijibu, “Kachomwa na taa, daktari.” Nikauliza, “Taa ya mafuta au ya umeme?” Wakatazamana.

Nilipouona mguu nilifahamu kwamba taa iliyotajwa si ya kuwashwa. Juu ya kifundo palikuwa na tundu refu lenye kingo zilizochanika, na ngozi iliyolizunguka ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Samaki bapa aitwaye taa alikuwa amejifukia mchangani, mama yule akamkanyaga, naye akajitetea kwa mwiba wa mkia wake. Hata hivyo, kujua jina la aliyeumiza hakukunisaidia kujua la kufanya. Nilichukua pakiti ya barafu ya kubebea chanjo nikaiweka juu ya jeraha, nikampa vidonge vya maumivu. Bibi mmoja aliyefuatana nao aliniambia kwa upole, “Mwanangu, huyu hatiwi barafu. Mchemshie maji.” Nikamjibu, “Bibi, hapa tunafuata utaalamu.”

Mgonjwa alilia hadi alasiri. Siku kumi baadaye alirudi akiwa na homa na mguu uliojaa usaha. Nilimpa rufaa, na huko alikopelekwa kikatolewa kipande cha mwiba ambacho mimi sikukitafuta. Alikosa kwenda shambani kwa bamvua tatu mfululizo, na mwani wake ukakatwa na mawimbi. Bibi alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nimekosea.

Nalieleza kosa hili hadharani kwa sababu naamini si langu peke yangu. Katika mafunzo yangu nilifundishwa kuumwa na nyoka, kung’atwa na mbwa na kuungua kwa moto. Sikukumbuka somo hata moja lililohusu mwiba wa samaki. Tanzania ina pwani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,400, na Kenya inaiendeleza pwani hiyo kaskazini. Maelfu ya watu huingia majini kila siku kwa miguu mitupu kutafuta riziki. Mtumishi wa afya anayepelekwa pwani bila somo hili amepelekwa akiwa na pengo katika elimu yake, na mgonjwa ndiye anayelipa gharama ya pengo hilo.

Hoja yangu katika makala hii ni moja: huduma ya kwanza ya majeraha yatokanayo na viumbe wa baharini ifundishwe rasmi kwa watumishi wa afya wa pwani, na ifundishwe pia ufukweni, kwa wale wanaoumia na wenzao walio karibu nao. Tiba yenye manufaa makubwa zaidi ni ile inayotolewa katika nusu saa ya kwanza, na katika nusu saa hiyo mgonjwa huwa bado yuko mwambani au ndani ya ngalawa.

Maji ya moto na sababu yake

Taa hayuko peke yake. Yuko samaki-jiwe, ambaye hulala kati ya mawe akiwa na umbo na rangi ya jiwe lililoota mwani, na miiba ya mgongo wake hupenya hata kandambili. Yuko yule mwenye mapezi marefu yaliyotandazwa kama manyoya na mistari myekundu na myeupe. Hata tasi, ambaye tunamla kila siku, ana miiba yenye sumu, na wavuvi wengi huchomwa wanapomtoa ndani ya dema. Samaki hawa wanatofautiana kwa ukali, lakini wana jambo moja linalowaunganisha: sumu yao imeundwa kwa protini, na protini huharibika kwa joto, kama ute wa yai unavyobadilika ukitiwa katika maji ya moto. Inawezekana pia kwamba joto lenyewe huzuia mishipa ya fahamu kusafirisha maumivu.

Kwa hiyo mtu aliyechomwa na mwiba wa samaki atolewe majini kwanza, asije akazirai na kuzama. Damu ikitoka kwa wingi, jeraha libanwe kwa kitambaa safi. Kisha mguu au mkono uliochomwa utumbukizwe katika maji ya moto kadiri mgonjwa anavyoweza kustahimili bila kuungua, yasiyozidi nyuzi joto 45, kwa muda wa dakika 30 hadi 90. Maumivu yakirudi, mguu urudishwe majini. Wengi hupata nafuu kubwa kabla ya saa moja kwisha.

Hapa pana hatari ambayo mkufunzi asiipite haraka. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kupima joto la maji kwa mguu ulioumia, na wapo waliounguzwa na tiba yenyewe. Maji yapimwe kwa mkono wa mtu mzima asiyeumia. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu aangaliwe kwa makini zaidi. Mtumishi wa afya naye akumbuke kwamba akishachoma sindano ya ganzi, hana tena ruhusa ya kutumbukiza mguu ule katika maji ya moto, maana mgonjwa hatajua kuwa anaungua.

Joto lina manufaa pia dhidi ya yavuyavu, ambaye wengine humwita kiwavi cha baharini au konyeza. Mwaka 2006 jarida la madaktari la Australia lilichapisha utafiti uliolinganisha maji ya nyuzi 45 na barafu kwa watu waliochomwa na yule wa rangi ya buluu mwenye minyiri mirefu. Baada ya dakika 20, asilimia 87 ya waliotiwa katika maji ya moto walisema maumivu yamepungua, na kwa waliowekewa barafu ilikuwa asilimia 33. Nilipousoma utafiti huo niliikumbuka pakiti yangu ya chanjo.

Alama mbili za kukumbuka

Somo la ufukweni haliwezi kuwa orodha ndefu ya majina ya kisayansi. Anayesaidia hana muda wa kumtambua mnyama, na mara nyingi mnyama amekwisha kwenda zake. Naona inatosha kumfundisha mtu kutazama alama mbili kwa mgonjwa.

Alama ya kwanza ni maumivu makali mahali palipochomwa. Hiyo ndiyo njia ya miiba ya samaki, ya wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na ya yavuyavu. Dawa yake ya kwanza ni maji ya moto. Kwa yavuyavu, minyiri iliyonata kwenye ngozi isuuzwe kwanza kwa maji ya bahari na kuondolewa kwa kibano au kijiti, bila kusuguliwa.

Alama ya pili ni udhaifu unaopanda: kope zinalegea, mgonjwa anaona vitu viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, kisha pumzi inapungua. Maumivu yanaweza kuwa kidogo au yasiwepo. Hii ni njia ya nyoka wa baharini na ya konokono wenye gamba la umbo la pia, ambao watoto na watalii huwaokota kwa uzuri wa madoa yao. Konokono hao wana kijino kama mkuki, na sumu yao hupooza misuli. Hapa hatutegemei maji ya moto. Kiungo kifungwe bandeji pana kutoka kwenye vidole hadi juu, kwa mkazo wa bandeji ya mguu ulioteguka, kiwekewe gango kisisogezwe, na mgonjwa asitembee hata hatua moja. Akiacha kupumua, apuliziwe pumzi na aendelee kupuliziwa njiani mpaka afike penye mashine. Sumu ya konokono haina dawa yake maalumu ya kuipinga; kinachomwokoa mtu ni kupumuliwa mpaka sumu imwishe. Mwanakijiji anayejua kupulizia pumzi anaweza kumwokoa mtu ambaye hospitali kubwa ingempokea akiwa maiti.

Alama hizo mbili zisichanganywe. Bandeji ya kubana haifai kwa mwiba wa samaki, kwa sababu huifungia sumu mahali pamoja na kuzidisha kufa kwa nyama.

Yapo mambo ambayo si ya ufukweni kabisa. Mwiba uliochoma kifua, tumbo au shingo usichomolewe. Uachwe ulivyo, uzungushiwe vitambaa usitikisike, na mgonjwa akimbizwe hospitalini. Mtangazaji Steve Irwin wa Australia, aliyezoea wanyama hatari maisha yake yote, alikufa mwezi Septemba mwaka 2006 baada ya kuchomwa na taa kifuani. Uso unaovimba, mwili unaotoka vipele vyote kwa mara moja, au kifua kinachobana baada ya kuchomwa ni dalili za mzio mkali, na mgonjwa huyo anahitaji sindano ya adrenalini bila kuchelewa.

Tuyaache yaliyozoeleka

Nimewapokea wagonjwa waliofungwa kamba ya nyavu juu ya goti mpaka mguu ukawa wa buluu. Nimewaona waliochanjwa nyembe ili “damu mbaya itoke”, waliomwagiwa mafuta ya taa, waliosuguliwa mchanga na waliokojolewa. Kamba hukata damu na imewahi kugharimu watu viungo vyao. Nyembe huongeza jeraha na kufungua mlango wa wadudu. Mchanga na maji baridi yasiyo ya chumvi vinaweza kuzifyatua zile chembe za sumu za yavuyavu ambazo zilikuwa bado hazijafyatuka. Mkojo hauna faida yoyote iliyothibitishwa.

Kuhusu siki, nawaomba wakufunzi wawe waangalifu. Inapendekezwa kwa yavuyavu wenye umbo la sanduku, lakini kwa yule wa buluu ushauri wa wataalamu haufanani. Somo la msingi lisisimame juu yake. Utomvu wa papai, ambao wengi hupaka juu ya vipande vya miiba myeusi iliyovunjikia mguuni, sina ushahidi wa kutosha wa kuupendekeza. Nitakachosema ni kwamba weusi unaobaki kwenye ngozi mara nyingine ni rangi tu na si mwiba, na kuchokoa kwa sindano ya kushonea huleta madhara kuliko faida.

Hata hivyo tusiende kijijini kama watu wa kufuta. Bibi yule aliyajua maji ya moto kabla yangu. Mkufunzi mwenye busara huanza kwa kuuliza: huyu mnamwitaje hapa, na mtu akichomwa naye mnafanyaje? Majina hubadilika kutoka Mombasa hadi Pemba na kutoka Pemba hadi Mtwara, na somo linalotumia jina lisilojulikana halitakumbukwa. Penye mazoea mema, tuyathibitishe mbele ya watu wote. Penye mazoea mabaya, tueleze sababu, wala tusidhihaki.

Chupa ya chai

Wapo watakaouliza: maji ya moto yatatoka wapi katikati ya bahari? Jibu liko katika vikapu vya watu wenyewe. Wavuvi wengi hushuka pwani na chupa ya chai, na kina mama wa mwani nao huchukua yao. Pendekezo langu ni kwamba kila kundi linaloingia majini pamoja liwe na chupa moja ya ziada yenye maji yaliyochemka asubuhi hiyo, ndoo ndogo, bandeji mbili pana, kibano na kitambaa safi. Mtu akichomwa, maji ya bahari hutiwa katika ndoo kwanza, kisha ya moto huongezwa kidogo kidogo huku yakipimwa kwa mkono wa mwenzake. Yakipoa, mguu hutolewa kwanza ndipo ya moto huongezwa. Yote haya hayahitaji umeme, jokofu wala fedha za wafadhili.

Kinga nayo ni sehemu ya somo. Viatu vyenye soli ngumu huzuia mengi, ingawa si yote. Atembeaye katika mchanga wenye maji machache aburute nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa ashtuke na kuondoka. Konokono wazuri wasiokotwe wakiwa hai, na watoto waambiwe sababu.

Kwa upande wa zahanati, nadai mambo manne. Kwanza, kila mtumishi anayepangiwa kituo cha pwani apewe mafunzo ya siku moja, yenye mazoezi ya kufunga bandeji na kupulizia pumzi. Pili, kila jeraha la mwiba lioshwe vizuri, litafutwe kipande kilichobaki, kwa eksirei inapowezekana, na lisishonwe kwa haraka. Tatu, chanjo ya pepopunda isisahauliwe, na vidonda virefu vifuatiliwe kwa karibu, hasa kwa wenye kisukari na ugonjwa wa ini, maana maji ya bahari yana bakteria wanaoweza kuingia katika damu na kuua kwa muda mfupi. Nne, kila tukio liandikwe kwa jina lake. Katika vituo nilivyofanya kazi, mwiba wa taa uliandikwa “jeraha” na yavuyavu akaandikwa “mzio wa ngozi”. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fungu.

Kwa wanaosema ni jambo dogo

Najua pingamizi lililopo. Malaria inaua, uzazi unaua, ajali za barabarani zinaua, nasi tunazungumzia miiba ya samaki. Ni kweli kwamba wengi wanaochomwa hawafi. Lakini kifo si kipimo pekee cha ugonjwa. Mkulima wa mwani ambaye mguu wake umeoza hana mshahara wa likizo ya ugonjwa. Mvuvi aliyepoteza kidole kwa kamba aliyofungwa na wenzake kwa nia njema hawezi tena kuvuta jarife kama zamani. Gharama hizi huangukia kaya ambazo hazina akiba.

Kuumwa na nyoka nako kulionekana jambo dogo kwa miaka mingi, likiachwa kwa waganga wa vijijini, mpaka mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipokuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Tangu hapo fedha, utafiti na mafunzo vimeanza kufuata. Waathirika wa baharini ni ndugu wa wale wa nchi kavu: maskini, wa vijijini, mbali na hospitali. Tofauti ni kwamba hawa hawajapata msemaji.

Wengine watasema kinachohitajika ni dawa ya kupinga sumu, si ndoo ya maji. Dawa ya sumu ya samaki-jiwe ipo, hutengenezwa Australia, na ingekuwa heri kuwa nayo katika hospitali zetu za rufaa. Lakini hata ingekuwepo, ingekuwa mjini, na mgonjwa yuko mwambani. Wingi wa wagonjwa hawaihitaji. Wanahitaji joto, usafi wa kidonda na dawa za maumivu zinazotosha.

Mafunzo haya yakianza, yasiishie kwenye miiba. Mkutano huohuo wa ufukweni ni mahali pa kuzungumzia viumbe wanaoua kwa kuliwa. Mwezi Machi mwaka 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na mwaka 2021 watu saba walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu hiyohiyo. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na bunju naye ni vivyo hivyo. Hapa ni lazima watu waelewe tofauti: joto linaloharibu sumu ya mwiba haliharibu sumu iliyo ndani ya nyama hizo. Anayefundisha la kwanza bila la pili anaweza kuacha imani ya hatari.

Nawageukia wenzangu wa vyuo vya afya. Kuingiza somo hili katika mtaala hakuhitaji jengo jipya. Mwanafunzi mmoja akipelekwa asubuhi moja ya bamvua kutembea na wachokoa pweza mwambani, atajifunza zaidi ya atakachopata katika mihadhara mitatu, nao watapata kutoka kwake namna ya kufunga bandeji. Wewe msomaji unayeishi kwa bahari, usingoje waraka. Kesho ukichemsha maji ya chai, chemsha na ya chupa ya pili, mwoneshe mwenzako namna ya kuyapima kwa mkono, na mwambie alama zile mbili.

Mama yule aliyechomwa bado analima mwani. Tulipokutana baada ya miaka kadhaa aliniuliza kwa mzaha kama sasa nimejua taa ni nini. Nilimjibu kwamba nimejua, na kwamba mwalimu wangu alikuwa bibi aliyefuatana naye. Bibi huyo alikuwa amekwisha fariki. Sikuwahi kumwomba radhi, na makala hii ni sehemu ya deni hilo.